Kumtafutia mbwa wa nyumbani makao mapya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefuga mbwa tangu utotoni, na nimewahi kuwatoa wawili. Wa kwanza nilimtoa vibaya, wa pili nilimtoa vizuri kiasi. Tangu hapo ndugu, majirani na marafiki wa marafiki huniuliza maswali yale yale, mara nyingi usiku, mara nyingi mizigo ikiwa imeshafungwa. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine nimeyapata kwa madaktari wa mifugo, mengine yamo kwenye sheria, na mengine ni ya kwangu tu.

Ametulinda miaka saba. Kumpa mtu mwingine si usaliti?

Usaliti unaweza kuwepo, lakini haumo katika kumhamisha. Mbwa hakujileta kwako. Wewe ndiye uliyemfuata ukamtoa kwa mama yake akiwa na wiki nane, ukamfundisha geti lipi ni lake na sufuria ipi ni yake, ukamfanya asiwe na mtu mwingine duniani ila wewe na watu wako. Deni ni lako, na aliyekukopesha hana mdomo wa kukudai. Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke. Katika habari hii punda ni sisi.

Ila deni la namna hii linaweza kulipwa kwa mkono wa mtu mwingine. Waangalie mbwa wanaoongoza wasioona huko Uingereza na Marekani. Mtoto wa mbwa hulelewa na familia ya kujitolea kwa mwaka mmoja hivi, kisha huenda kwa wakufunzi, kisha kwa mtu asiyeona, na akizeeka hustaafu, mara nyingi kwenye nyumba nyingine tena. Mnyama mmoja, nyumba tatu au nne, na sijasikia mtu akiuita huo usaliti. Kila anapoondoka, upande wa pili yupo mtu anayemsubiri, anayejua anakula nini na anaogopa nini.

Mbwa wangu wa kwanza, Jeki, hakusubiriwa na mtu. Nilikuwa nahama, nikampata bwana mmoja aliyesema ana kiwanja kikubwa. Sikwenda kukiona. Miezi mitatu baadaye nilipita njia hiyo nikamkuta Jeki kafungwa kwenye mwembe kwa mnyororo usiozidi mita moja, kopo la maji limeota ukijani. Alinijua nikiwa bado barabarani. Nilirudi Jumamosi na gari ya rafiki yangu nimchukue, nikaambiwa ameshapewa mtu mwingine. Nani? Hawakumbuki. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kumtoa mbwa ni usaliti, mimi humuuliza yeye: huko anakokwenda, umefika?

Mbwa anajua kwamba ameachwa?

Anajua kwamba haupo. Neno "kuachwa" tunaliongeza sisi.

Kutokuwepo kwako anakujua vizuri kuliko tunavyodhani. Gregory Berns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwafundisha mbwa kulala tuli ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, wakawanusisha harufu za watu na mbwa, wengine wageni na wengine wanaofahamiana nao. Sehemu ya ubongo inayohusika na kutazamia jambo jema iliamka zaidi kwa harufu ya mtu wanayemfahamu, na mtu mwenyewe hakuwepo mle chumbani. Hukai kichwani mwake kama sauti ya funguo na sahani ya ubwabwa peke yake.

Lakini lipo la upande wa pili. Mwaka 2001 watafiti wa Budapest, Hungaria, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa mbwa wakubwa waliokuwa wakiishi kwenye vituo vya mbwa wasio na wenyewe. Mtu mmoja alikaa na kila mbwa kwa dakika 10 tu, mara tatu. Baada ya hapo mbwa wale walianza kumtendea mtu yule kama mtu wao: wakimfuata, wakimpokea kwa namna ambayo hawakumpokea mgeni mwingine. Nusu saa kwa jumla! Mimi habari hiyo ilinifariji na kuniudhi kwa pamoja.

Watu wengi wakinijia na hoja kwamba mbwa hasahau, hunitajia Hachiko, yule mbwa wa Japani aliyekuwa akimsubiri bwana wake katika kituo cha treni cha Shibuya, Tokyo. Profesa Ueno alifariki ghafla kazini tarehe 21 Mei 1925, na Hachiko akaendelea kwenda kituoni mpaka alipokufa mwenyewe tarehe 8 Machi 1935. Kinachosahaulika ni kwamba Hachiko hakuwa mbwa wa mtaani asiye na mtu. Alitafutiwa makao zaidi ya mara moja, akawa anatoroka, hatimaye akakaa kwa aliyekuwa mtunza bustani wa profesa. Huko alikuwa na pa kulala na chakula, na jioni akaenda zake kituoni. Aliyemtunza hakumzuia. Sijui kama kuna mlezi wa pili bora kuliko huyo: anayempokea mbwa pamoja na huzuni yake.

Mbwa wa kawaida atakula kidogo siku za mwanzo, atalala akielekea mlango, pengine atalia usiku. Wanaowapokea mbwa wa namna hii hutumia kipimo cha tatu: siku 3 za kuchanganyikiwa, wiki 3 za kuizoea ratiba, miezi 3 ya kujiona yuko kwake. Ni makadirio ya watu wa kazi, lakini huwa yanakaribia.

Sababu gani inatosha?

Sina mizani. Ninachojua ni kwamba sababu ya kwanza mtu anayoitaja siyo ya kweli kila mara. Ataanza na mwenye nyumba, atapita kwenye bei ya dagaa na unga, na baada ya nusu saa atasema: kwa kweli tumemchoka.

Kuchoka nako ni sababu. Mbwa wa watu waliomchoka hushinda kwenye banda, hufunguliwa usiku, hulishwa na yeyote atakayekumbuka. Wapo wanaosema ukishamchukua mbwa ni wako mpaka kifo, hata iweje. Wanasema vizuri, ila anayelipia msimamo huo ni mbwa. Kama mwaka ujao wake utakuwa bora kwa watu wengine, kumng'ang'ania ni kulinda jina lako.

Yapo mawili yanayonishinda kuyaheshimu. La kwanza: "amekua", yaani alikuwa mzuri alipokuwa kidonge cha manyoya. La pili: "tunataka wa kizungu". Hata hao nitawasaidia kumtafutia mbwa makao, maana yeye hajafanya kosa, lakini nitawaambia wazi wasichukue mwingine.

Mke wangu ni mjamzito na wazazi wanasema mbwa aondoke. Wana haki?

Hofu hii mara nyingi imekosea mnyama. Toksoplasma, kimelea kinachoogopwa kwa wajawazito, hukamilisha mzunguko wake ndani ya paka, na watu hukipata kwenye kinyesi cha paka, udongo wenye kinyesi hicho au nyama isiyoiva vizuri. Mbwa anahitaji dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, chanjo, kuondolewa kupe, na asilale kitandani kwa mtoto. Yupo mbwa asiyefaa kuwa karibu na kichanga, lakini huyo umemjua kabla ya mimba: anayelinda chakula chake kwa meno, anayeruka watu.

Ninachowaomba wenye hali hii ni kutosubiri wiki ya kujifungua. Miezi tisa inatosha kumzoesha mbwa chumba asichoingia, na kama mwisho ni kumtoa, inatosha kumtafutia mahali bila pupa.

Mwenye nyumba mpya hataki mbwa.

Muulize anachokataa hasa. Wengi hawakatai mbwa. Wanakataa kelele, kinyesi uani na mpangaji wa chumba cha pili kung'atwa. Mwoneshe kadi ya chanjo, mwahidi kwa maandishi kwamba utagharamia uharibifu, mlete amwone. Nimeona mwenye nyumba mmoja akigeuka baada ya kuambiwa kwamba wezi waliomsumbua mwaka mzima wataanza kuchagua uzio mwingine. Akikataa kabisa, amekataa. Nyumba za kupanga hazipatikani kirahisi, na sitamlaumu mtu aliyechagua paa la watoto wake. Nitamlaumu aliyejua miezi miwili kabla akaanza kuulizia siku ya kuhama.

Si nimwache tu na mlinzi? Wamezoeana.

Kama mlinzi amekubali kuwa na mbwa, ana pa kumweka na mshahara unaotosha kulisha midomo miwili, ni mahali pazuri. Pengine kwa mbwa mtu wake alikuwa mlinzi tangu mwanzo, wewe ulikuwa mwenye gari. Lakini mara nyingi mlinzi hukubali kwa sababu hawezi kukukatalia bosi wake. Mkataba ukiisha naye ataondoka, na mpangaji mpya atamkuta mbwa asiye wa mtu uani. Mbwa koko wengi wa mitaa yenye mageti walianza hivyo. Ukiamua kumwachia, mwachie na pesa ya chakula ya miezi kadhaa, na uongee naye kama mtu anayekufanyia hisani.

Na kijijini? Kule kuna nafasi.

Nafasi ipo. Ila mbwa wa mjini aliyezoea makongoro na ukuta hajui ng'ombe, hajui mbwa wa jirani, hajui kwamba kuku wa bibi si wa kufukuza. Akiua kuku wawili, kijiji hakitamfanyia kikao. Daktari wa mifugo anaweza kuwa mbali, na mzee aliyesema "mlete tu mwanangu" huenda amekuitikia kwa adabu.

Kijiji kinafaa pale mtu maalumu, kwa jina, anapomtaka mbwa huyo kwa kazi anayoijua. "Kumpeleka shamba" bila jina la mtu ni kumtupa kwa nauli.

Kumtupa ni kosa kisheria?

Kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Ni mara chache utasikia mtu amefikishwa mahakamani kwa kumshusha mbwa kando ya barabara usiku, nalo linawapa watu kiburi. Lakini mbwa aliyeshushwa asiye na chanjo ni hatari ya kichaa cha mbwa kwa watoto wa mtaa ule, na kichaa hicho dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara ni kifo. Hapo tumeshatoka kwenye huruma kwa wanyama tu.

Amemng'ata mtoto. Naweza kumpa mtu mwingine?

Kwanza mtoto. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana chanjo. Mbwa atazamwe kwa siku 10 mahali salama. Asipelekwe popote wakati huo, asiuawe kwa hasira. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, daktari amepata jibu kubwa kuhusu kichaa.

Baada ya hapo rudini kwenye tukio. Mbwa aliyekanyagwa mkia usingizini si sawa na mbwa aliyemfuata mtoto anayekimbia. Wa kwanza anaweza kupata nyumba ya watu wazima. Wa pili, daktari au mkufunzi amwone kabla hujamtaja kwa mtu yeyote. Na kokote aendako, ukweli uende naye, wote, kabla hawajamwona na kumpenda. Kumficha mbwa anayeng'ata kwa sababu unataka apate nyumba ni kuhamisha jeraha kwenda kwa mtoto wa mtu mwingine, na sijapata bado mtu wa kunipa hoja ya kunigeuza kwenye hili.

Sisi ni Waislamu. Baba amefariki na kuacha mbwa wake. Tunaweza kumfukuza tu?

Mimi si shehe, na kwa hukumu ya nyumba yenu muulizeni mnayemwamini. Yanayojulikana ni haya. Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hadithi imewahadharisha wafugao mbwa kwamba hupungukiwa thawabu kila siku, ikawatoa wenye mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kwa hiyo familia isiyotaka kubaki naye ina sababu inayoeleweka, na jirani asiyejua asiwacheke.

Lakini kutotaka kuishi naye si ruhusa ya kumtesa. Mapokeo hayohayo yanamtaja mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuteka maji kisimani kwa kiatu na kumnywesha mbwa mwenye kiu. Na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa katika Suratul Kahf, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Marehemu alikuwa akimlisha. Walau mumlishe mpaka apatikane mtu mwenye kazi naye, mfugaji au mkulima. Kuhusu kumuuza, Mashafi hawaruhusu kuuza mbwa, kwa hiyo kama ninyi ni wa madhehebu hayo mpeni bure.

Wengine je, tuuze?

Mbwa mkubwa aliyeishi nanyi miaka, mimi singemuuza. Anayemlipia mbwa wa uzao wa Kijerumani aliyekomaa mara nyingi anahesabu watoto. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Jike mzuri anaweza kugeuzwa kiwanda. Mhasini dume, jike afungwe kizazi, kabla hajatoka. Utashangaa jinsi orodha ya wanaomtaka inavyopungua ukishasema hivyo. Waliobaki ndio wa kuzungumza nao.

Ukitaka kupima kama mtu yuko tayari kutoa pesa, mwombe alipe chanjo ijayo kwa daktari, mkiwa wote mpo.

Nitamjuaje mtu wa kumpa?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanaharakisha.

Nilipotakiwa kumtoa mbwa wangu wa pili nilikuwa nimeshaungua kwa Jeki. Huyu aliitwa Mtasema, jina alilopewa na mama kwa sababu ya majirani. Kila akiitwa chakula, ujumbe unavuka ukuta. Mama alikuwa anakuja kuishi na sisi kwenye ghorofa la tatu Dar es Salaam, na Mtasema, jike wa kienyeji wa miaka sita aliyezoea ua mzima, asingeweza. Niliuliza watu kumi na wawili. Waliotaka walikuwa watano. Niliyempa alikuwa mfuga kuku wa mayai huko Kibaha, na nilimchagua kwa jambo moja dogo: nilipofika kwake bila taarifa, nilimkuta mbwa mzee, hana meno ya mbele, amelala kivulini palipo pazuri kuliko pote pale uani. Sikuhitaji kuuliza mengi.

Kwa hiyo nenda kwake, na uende mara mbili, moja bila kuaga. Tazama alivyo mnyama aliyepo, awe mbwa, mbuzi au kuku. Kama hana mnyama, uliza wa mwisho alikwenda wapi. "Alipotea" likitajwa kwa mbwa watatu mfululizo ni jibu tosha. Tazama uzio. Uliza nani atamlisha, maana mara nyingi anayemtaka mbwa ni baba na atakayemlisha ni dada wa kazi, naye anawaogopa. Huyo dada ndiye wa kuongea naye. Uliza atafungwa saa ngapi na kufunguliwa saa ngapi. Mtu anayekasirishwa na maswali haya amekujibu.

Na mfanye naye aulize. Mwambie mabaya: anachimba, anawachukia waendesha bodaboda, anaogopa radi mpaka anaingia chini ya gari. Mtasema alikuwa mwizi wa samaki. Nilimwambia yule bwana, akacheka, akasema kwake samaki hawafiki.

Mkipatana, andikeni karatasi. Si lazima mwanasheria. Iseme kwamba ukishindwa kumtunza wakati wowote, unirudishie mimi kwanza, usimpe mtu. Sentensi hiyo ndiyo niliyoikosa kwa Jeki.

Usipopata mtu, vipo vituo. Nairobi kuna KSPCA, chama cha miaka mingi kinachopokea wanyama na kuwatafutia watu; karibu na Arusha kuna Mbwa wa Africa. Wapigie kabla ya kwenda. Vituo hujaa, na mbwa wa familia anayepelekwa kituoni anachukua nafasi ya aliyeokotwa mtaroni, kwa hiyo mlango huo uwe wa mwisho.

Tunahamia nje ya nchi. Kumwacha ndiyo njia pekee?

Siyo, ila njia nyingine ina muda wake. Kwenda nchi za Umoja wa Ulaya kutoka Tanzania au Kenya, mbwa huwekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa, kisha baada ya siku 30 au zaidi hutolewa damu kupima kinga, na baada ya damu hiyo husubiri miezi mitatu. Chipu hutangulia chanjo; ukigeuza mpangilio unaanza upya. Marekani tangu tarehe 1 Agosti 2024 inataka mbwa awe na angalau miezi sita, chipu na fomu maalumu ya kumwingiza nchini humo, na nchi zetu zimo katika orodha ya zenye hatari kubwa ya kichaa, jambo linaloongeza makaratasi. Masharti hubadilika, thibitisha ubalozini. Kwa vyovyote miezi mitano au sita inahitajika, na gharama si ndogo.

Kwa mbwa wa miaka mitatu aliyewazoea watoto wenu, ningefikiria kumchukua. Kwa mbwa mkubwa wa ulinzi mwenye miaka tisa, anayekwenda kukaa chumba kimoja kwenye baridi huku ninyi mko kazini kutwa, sidhani kama safari hiyo ni kwa ajili yake.

Ni mzee na mgonjwa. Hakuna atakayemtaka.

Kuna anayemtaka, wachache, lakini usimwachie mtu kazi ya kuzika. Kama ana maumivu yasiyotibika, hali chakula, hasimami, kukaa naye siku ya mwisho ni kazi ya mwenyewe. Daktari wa mifugo humlaza kwa sindano ya dawa ya usingizi iliyozidishwa, na mbwa hupoteza fahamu kwanza. Wewe uwe chumbani. Najua watu hutoka nje kwa sababu hawawezi kuangalia. Madaktari wawili kwa nyakati tofauti wameniambia kwamba mbwa anayeachwa peke yake mezani huendelea kutazama mlango.

Kama ni mzee tu, ana njaa yake na hasira zake, huyo si mgonjwa. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13, wadogo wa umbo zaidi. Mwenye miaka kumi amebakiwa na kipande kifupi. Jaribu kila njia abaki.

Watoto tuwaambieje?

Ukweli, na mapema. Ukiwadanganya kwamba ametoroka, watamtafuta mtaani, na siku watakapojua, watakuwa wamejifunza kwamba mtu wa nyumba hii anaweza kuondolewa usiku. Wapelekeni wakaone anakokwenda. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Aliandika karatasi ya mambo ya Mtasema, namba tatu ikiwa "usimwite kwa hasira, anafikiri ni jina lake lingine". Yule bwana aliibandika kwenye mlango wa banda la kuku.

Akirudi mwenyewe?

Wapo wanaorudi, hata baada ya kilomita nyingi. Wiki mbili za mwanzo asitoke bila kamba, na awe na mkanda wenye namba ya simu ya mwenyeji mpya na yako. Akikufikia, mpe maji, mkague kama ana majeraha, piga simu, mrudishe bila sherehe na bila kumfokea. Akirudi mara ya pili, kabla ya kumrudisha nenda peke yako ukaangalie anachokikimbia. Mara ya tatu, mimi ningemwacha abaki na kutafuta nyumba nyingine ya kupanga. Wengine wataona ni wazimu.

Nikamtembelee?

Siyo mwezi wa kwanza. Baada ya hapo ndiyo, mkubaliane na mwenyeji, na usiende kwa ajili ya kulia. Mtasema nilimwona baada ya wiki kumi. Alinirukia, akanizunguka mara tatu, kisha kuku wakapiga kelele nyuma ya nyumba akaniacha nimesimama.

Vitu vyake: nimpe au mwenyeji anunue vipya?

Mpe vyote. Kadi ya chanjo na tarehe ya dawa ya minyoo, bakuli, kamba, chakula cha wiki moja cha aina aliyoizoea ili tumbo lisiharibike. Mpe na kile kitambaa au gunia analolalia, na fulana yako moja ya zamani. Usivifue.